Mjomba, ukingo umepasuka: nani ana ruhusa ya kusimamisha kazi?

Katika kipindi cha wiki iliyopita tuliwauliza wasikilizaji swali moja: kazini kwako, nani akisema "simama" kazi inasimama kweli? Ujumbe ulikuja mwingi. Wapo waliotaja msimamizi, wapo waliotaja fundi mkuu, na mama mmoja wa kokoto alituandikia kwamba kwao anayesimamisha kazi ni mvua peke yake.

Ujumbe uliotufanya tukae chini tuandike ulitoka kwa kijana wa Bigwa, hapa Morogoro, anayechimba mchanga. Tunauweka kama alivyouandika, bila jina lake: "Mwenye shimo ni mjomba wangu. Juu ya ukingo kuna ufa tangu mvua ya juzi. Wote tumeuona. Nimwambieje?"

Soma tena ujumbe huo. Kijana haulizi kama ufa ni hatari. Hilo analijua, na wenzake wanalijua. Anauliza amwambieje mjomba. Tulimjibu siku ileile kwa maneno machache: msiingie humo mpaka ukingo ukatwe kutoka juu. Lakini jibu hilo lilikuwa la ufa tu. La mjomba lilihitaji nafasi zaidi, na ndiyo sababu ya makala hii.

Tuanze na ufa

Wasikilizaji wengi wa Bigwa na njia yote ya kwenda Matombo hadi Kisaki wanazifahamu kazi hizi: mchanga, kokoto, tofali za kuchoma, kupakia lori kwa beleshi. Ni kazi ambazo hazina geti wala ofisi. Mtu anaamka, anachukua sururu, anakwenda. Kwa hiyo tukitaja usalama kazini wengi wanadhani tunasema na watu wa viwandani wenye kofia ngumu na mabuti. Hapana, leo tunasema na mtu wa shimoni.

Mchanga unadanganya kwa sababu mkononi ni mwepesi. Chukua kasha la mita moja kila upande, lijaze mchanga: ni tani moja na nusu hivi, na ukiwa umelowa uzito unazidi. Huo ni uzito wa gari dogo. Ukingo wa shimo unapokatika, hazishuki mita moja wala mbili. Unashuka upande mzima, na hautoi muda wa kukimbia.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: mtu aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kufa huku kichwa chake kikiwa nje na anaongea na wenzake. Kila anapotoa pumzi kifua kinapungua, na mchanga unaijaza nafasi ile. Anapotaka kuvuta pumzi tena, hana pa kutanua kifua. Ndiyo maana wenzake wanapaswa kuanza kuondoa mchanga usoni na kifuani kwanza, kwa mikono, waache kumvuta kwa kamba. Na wasishuke wote kwa pamoja. Ukingo uliokatika mara moja hukatika mara ya pili, na hapo ndipo waokoaji wanapogeuka kuwa marehemu. Mmoja abaki juu kuangalia, lori lizimwe injini lisogezwe mbali na ukingo, na mmoja apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kwa nini ukingo unakatika? Mara nyingi ni kwa sababu ya namna tunavyochimba. Mchanga mzuri uko chini, juu kuna udongo na mizizi. Basi mchimbaji anaufuata chini, anaingia ndani kama panya, mpaka juu panabaki kama paa lisilo na nguzo. Siku za kiangazi paa hilo linaweza kushika wiki kadhaa. Maji ya mvua yakiingia, udongo unaongezeka uzito na wakati huohuo unapoteza kushikana. Ufa unatokea juu, hatua moja au mbili kutoka ukingoni. Ufa huo ndio alama ya mahali ambapo kipande kitaachia.

Dalili nyingine zipo, na mchimbaji yeyote wa siku nyingi anaweza kukutajia: punje zinazodondoka zenyewe bila mtu kugusa, ukuta unaotoa tumbo, maji yanayochuruzika mahali palipokuwa pakavu jana. Dawa yake si siri. Chimba kutoka juu kwa ngazi, kama matuta tunayokata kwenye miteremko ya Uluguru ili udongo usikimbie. Kila ngazi isizidi urefu wa mtu. Usichimbe chini ya kitu kilichoning'inia. Lori lisimame mbali.

Mwanzoni mwa Aprili 2013, katika masika, kifusi cha shimo la moramu kiliporomoka Moshono, Arusha, kikawafukia watu waliokuwa wakichimba na kupakia malori. Zaidi ya watu 10 walifariki. Januari 2024, mkoani Simiyu, wachimbaji wadogo wa dhahabu 22 walifariki baada ya udongo kuporomoka katika kipindi cha mvua kubwa. Mahali tofauti na mali tofauti, lakini mvua ni ileile na ukingo ni uleule.

"Mbona jana haukuanguka?"

Sasa tuje kwa mjomba. Tunamjua mjomba huyu hata kama hatujawahi kuonana naye. Hana roho mbaya. Amechimba miaka mingi, ana watoto wanaokwenda shule kwa mchanga huohuo, na ukimwonyesha ufa atakujibu: "Ufa huu nimeuona kabla hujazaliwa."

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na hapo ndipo mtego ulipo. Kweli ameona nyufa nyingi, na nyingi hazikuanguka siku ile. Kila siku ambayo ukingo haukuanguka anaihesabu kama ushahidi kwamba uko salama, kumbe ni siku moja zaidi ya maji kuingia ndani. Mtu anayepita chini ya ukingo mbovu mara 100 bila kuumia hajathibitisha kwamba ukingo ni mzima. Amethibitisha kwamba ana bahati, na wala hajui imebaki kiasi gani.

Halafu siku ikifika, tuna neno letu tayari: ajali haina kinga. Tumelisikia msibani, tumelisoma nyuma ya mabasi, na sisi wenyewe tumelisema hewani, tena si mara moja. Tunalielewa. Ni neno la kumfariji mjane na kuwazuia ndugu wasitafutane ubaya siku ya mazishi. Kwa kazi hiyo ni neno zuri. Ubaya wake ni kwamba halibaki msibani. Linarudi nasi shimoni Jumatatu, na kule halifariji mtu; linatuondolea swali ambalo lingetakiwa kuulizwa: nani aliuona ufa, aliuona lini, na kwa nini hakusema, au alisema na nani hakumsikiliza?

Kuna kitu kingine kinachotupa ujasiri wa bure, nacho ni kuwaona wenzetu. Hapa Morogoro hatuhitaji mfano wa mbali. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakusanyika kuchota petroli, na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walifariki, na wengi wao wamelala makaburi ya Kola, si mbali na Bigwa. Hatuandiki haya kuwalaumu marehemu. Waliokuwa pale walikuwa vijana wetu, waendesha bodaboda, wapita njia. Tunajiuliza tu, na tunadhani kila mtu wa mji huu amejiuliza: ningekuwa pale, nikaona watu wengi hivyo wanachota na hakuna kinachowapata, ningeondoka? Mtu akiwa peke yake mbele ya petroli iliyomwagika huogopa. Akiwa na wenzake 50, hofu hugawanywa hadi inakuwa kitu kidogo kisichosikika.

Shimoni ni hivyohivyo. Wachimbaji sita wameuona ufa. Kila mmoja anamtazama mwenzake. Kwa kuwa hakuna anayesema, kila mmoja anaamini kwamba wengine hawaoni tatizo.

Neno lililotoka mbali

Wataalamu wana jina la hali ya mahali pa kazi ambapo mtu wa chini anaweza kusema na wa juu akasikiliza. Wanaita utamaduni wa usalama. Jina hilo lilipata nguvu baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, Ukraine, Aprili 1986, ambako wachunguzi hawakuishia kwenye mtambo. Waliangalia pia mazoea ya watu waliouendesha na ya waliokuwa juu yao: taratibu zinazorukwa, maswali yasiyoulizwa. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ndilo lililolitumia neno hilo katika taarifa zake, na tangu hapo limeenea kwenye ndege, hospitali, migodi na viwanda.

Utamaduni ni neno tunaloweza kulimiliki bila taabu. Maana yake ni kile watu wanachofanya bila kuambiwa. Mgeni akifika unampa kiti. Hakuna aliyebandika tangazo ukutani. Vivyo hivyo, mahali penye utamaduni wa usalama, kijana anayeona ufa anasema, na mkubwa anashuka kuutazama, bila mtu yeyote kufungua kitabu cha sheria.

Na wala tusidhani kwamba penye mageti na wahandisi jambo hili limeshamalizwa. Usiku wa kuamkia Mei 23, 2024, bomba la mvuke wa moto lilipasuka katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, kule Turiani wilayani Mvomero, na watu 11 wakafariki. Hatusemi nani alikosea. Hiyo si kazi yetu. Tunasema kwamba hata mahali penye mitambo mikubwa na wataalamu wake, bado kuna mtu amesimama karibu na bomba usiku, na uhai wake unategemea mambo mengi kwenda sawa kwa wakati mmoja.

Kamba, na filimbi

Katika viwanda vya magari vya Toyota huko Japani kuna kamba iliyopita juu ya wafanyakazi wanaounganisha magari. Mfanyakazi yeyote, hata aliyeanza wiki hiyo, akiona kasoro anavuta kamba. Taa inawaka, kiongozi wake anakuja kutazama, na tatizo lisipoisha haraka mstari mzima unasimama. Kinachotuvutia si kamba. Kamba ipo popote. Kinachotuvutia ni kile kiongozi anachofanya akifika: anauliza kuna nini. Akianza kwa kufoka, kesho hakuna atakayeigusa kamba hiyo, na itabaki pambo.

Shimo la mchanga halihitaji kamba. Linahitaji filimbi. Mtu mmoja anakaa juu, anabadilishana na wenzake kwa zamu, filimbi shingoni. Kazi yake ni kuutazama ukingo na lori, basi. Akipuliza, walio chini wanatoka kwanza, maswali baadaye. Filimbi ni bei ya chai na maandazi.

Gharama yake halisi iko mahali pengine, na hapa tunaomba wenye mashimo watusikilize. Vibarua wengi wanalipwa kwa tripu. Filimbi ikilia, tripu inachelewa, na anayepoteza ni kibarua. Ukimlipa mtu kwa tripu tu, umemlipa pia anyamaze. Kundi moja la wapakiaji walituambia wamekubaliana na mwenye shimo kwamba anayekaa juu anahesabiwa sawa na anayepakia. Walibishana wiki nzima kabla ya kukubaliana, na wapo walioona ni uvivu, mtu kulipwa kwa kukaa. Tunaona walifanya jambo kubwa kuliko kununua kofia ngumu 20.

Sharti la pili la filimbi ni kwamba aliyepuliza kwa kukosea asichekwe. Hili ni gumu kuliko linavyosikika. Sisi wenyewe hatuna usafi. Mwaka jana fundi alipanda mnara wetu wa redio kurekebisha waya, na mwanafunzi aliyekuwa kwetu kwa mafunzo akauliza, "Mkanda wake uko wapi?" Tulicheka. Mmoja wetu akamwambia fundi yule kapanda minara tangu enzi za kaseti. Baada ya muda mfupi spana ilimponyoka fundi, ikatua pale alipokuwa amesimama yule binti dakika chache kabla. Fundi alishuka salama, na mkanda ulinunuliwa wiki hiyo. Lakini binti yule, mpaka alipomaliza muda wake kwetu, hatukumsikia akiuliza tena jambo lolote la namna ile. Mkanda tumeupata, swali tumelipoteza. Tunalitaja hili kwa sababu tuliona jinsi lilivyotokea haraka: kicheko kimoja tu kilitosha.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inasimamiwa Tanzania Bara na wakala tunaoujua kwa jina la OSHA. Inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi pasipo na hatari kwa kadiri inavyowezekana, na vifaa vya kinga ni jukumu lake. Mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne anatakiwa ateue kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya miongoni mwao. Na kuna kifungu ambacho tungependa kijana wetu wa Bigwa akijue: mfanyakazi anayeona hali ya hatari ana wajibu wa kutoa taarifa kwa mwajiri au kwa mwakilishi huyo. Wajibu. Anayesema habari ya ufa hajakosa adabu. Anafanya kile ambacho sheria inamtaka afanye.

Kuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Aliyeumia kazini au kupata ugonjwa unaotokana na kazi anaweza kulipiwa matibabu na kupata fidia, na akifariki wategemezi wake wanalipwa. Lakini taarifa lazima itolewe, na muda wa kudai una ukomo. Familia nyingi hukaa mpaka arobaini imalizike ndipo zianze kuulizana, msisubiri.

Tuseme ukweli, hata hivyo. Shimo la mjomba halina mkataba wa ajira, halina orodha ya majina, na pengine halina kibali. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na mchanga mwingi mzuri uko hukohuko. Shimo lisilo na kibali halina sauti. Akiumia mtu, wanamchukua kwa bodaboda kimyakimya, hospitali wanasema ameanguka kutoka mtini. Hivyo ajali inafichwa, na shimo la jirani halijifunzi chochote. Kama kuna sababu moja ya wachimbaji kujiunga kwenye kikundi, kutafuta kibali kwa Tume ya Madini na kujulikana kwa mtendaji wa mtaa, sisi tungetaja hiyo kabla ya mikopo.

Tuliombwa pia tuseme neno juu ya kazi nyingine. Wachoma tofali: msilale juu ya tanuri wala pembeni yake upepo unakoelekea, hata usiku uwe wa baridi vipi. Moshi unaoua pale hauonekani wala haunuki. Mtu anasinzia kwa joto zuri na haamki. Habari za namna hiyo tumezisikia nchini zaidi ya mara moja. Wapasua kokoto: vumbi laini la mawe linakaa kwenye mapafu na halitoki; mwagieni mawe maji kabla ya kuyaponda, kaeni upande upepo unakotoka, na kitambaa cha kawaida usoni msikihesabu kuwa kinga ya kutosha. Wapulizia dawa wa bustani za Mgeta: tazameni rangi kwenye lebo ya chupa, nyekundu ni sumu kali kuliko zote, inafuata njano, halafu buluu, halafu kijani. Dawa za mimea tutazifanyia makala yake, maana maswali yake ni mengi.

Sasa, unamwambiaje?

Kwa Waluguru, ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba si ndugu wa kawaida. Mara nyingi yeye ndiye mwenye neno juu ya shamba, na anaweza kuwa ndiye aliyekulea. Kumwambia mbele ya vibarua kwamba shimo lake ni bovu ni kumvua nguo. Wataalamu wanaokuja na karatasi za ukutani zinazosema "toa taarifa kwa msimamizi wako" hawajawahi kuwa na msimamizi ambaye ni kaka yake mama.

Tuliwauliza wazee watatu tunaowaamini, nao walitupa njia ambazo sisi tusingezifikiria. Wa kwanza alisema: usimwambie, muulize. "Mjomba, ufa huu unausomaje?" Mtu akiulizwa kama mjuzi anatazama kama mjuzi. Akiambiwa kama mkosaji anajitetea. Tena muulize mkiwa juu ya ukingo, si jioni nyumbani, ili macho yake yafanye kazi.

Wa pili alicheka akasema, mtani yupo kwa ajili gani? Mtani anaweza kumwambia mjomba kwamba naona umeanza kujichimbia kaburi, tena kubwa, la watu sita, na mjomba akacheka na akasikia. Neno ambalo likitoka kwa mpwa ni utovu wa adabu, likitoka kwa mtani ni utani. Tunaona hili ni jambo ambalo vyuo vya usalama duniani vingelipa fedha kulipata: mtu anayeruhusiwa na jamii nzima kusema ukweli mchungu kwa mkubwa bila kuadhibiwa. Sisi tunaye, na tunamtumia msibani tu.

Wa tatu, bibi mmoja, alikuwa mfupi wa maneno. Alisema, "Mama yake huyo kijana ni dada yake huyo mwenye shimo. Aende kwa mama." Akaongeza kwamba hakuna mjomba anayependa kumpelekea dada yake maiti ya mwanawe.

Na wewe mjomba unayetusoma, maana tunajua umo humu: siku kijana akija na swali la ufa, acha ulichoshika, panda juu, utazame naye. Hata kama hauna kitu. Ukimwambia "umefanya vizuri kuniita" huku wengine wakisikia, umewafundisha wote sita kwa pumzi moja. Ukimwambia "kachimbe," umewafundisha pia.

Tulimtumia kijana njia hizo tatu kwa ujumbe wa simu siku ya Alhamisi. Alijibu kwa neno moja, "asanteni," na tukakaa hadi Jumatatu bila kusikia kitu. Jumatatu mchana akaandika kwamba wamehamia upande wa pili wa shimo, na ule ukingo wa zamani wameukata kutoka juu kwa sururu. Ulishuka wenyewe kabla hawajafika nusu. Alimtumia mama. Kuhusu ufa, mjomba hakusema lolote. Amewaambia tu kwamba upande huu mchanga wake ni mzuri zaidi.